Sauti Iliyolaza Nyumba Nzima

Sogeeni kidogo, na mwenye kikombe akishike vizuri, maana mwanamke ninayetaka kuwasimulia alikuwa na sauti ambayo hata ikielezwa tu na mtu mwingine hulegeza mikono.

Walimwita Shangazi. Hakuwa shangazi wa damu wa yeyote kati ya waliomwita hivyo. Ni jina alilopewa na watoto wa kituo cha kulea watoto alikofanya kazi tangu usichana wake, mpaka nywele za pembeni mwa masikio zikaanza kugeuka rangi. Kituo kilikuwa nyumba ndefu yenye vyumba vitatu, na chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa chake. Kilikuwa na mapazia ya kijani yaliyopauka, magodoro madogo yaliyopangwa sakafuni yakigusana, na feni moja ya dari iliyozunguka huku ikilalamika. Baada ya chakula cha mchana watoto waliingizwa humo wakipigana, wakilia, huyu anamtaka mama yake, yule anataka kiatu cha mwenzake. Shangazi alifunga mlango, akaketi katikati yao, akaanza kuongea.

Hakuimba. Wengi hudhani aliimba. Aliongea tu, tena habari zisizo na kichwa wala miguu: paka aliyetumwa dukani kununua sabuni, mvua iliyosahau njia ya kwenda kwao. Kabla mvua haijafika popote, chumba kizima kilikuwa kinapumua kwa pamoja, na ule mwanga wa kijani umetulia juu ya nyuso zao kama maji ya bwawa asubuhi.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, alirudi jioni macho mekundu, akajitupa kwenye kochi na kusema, "Haya mke wangu, hebu niambie siku yako ilikuwaje." Kabla mke hajalifikia jambo lenyewe, mtu alikuwa anakoroma.

"Ndoa yetu ni nzuri," Shangazi aliwahi kumwambia shoga yake, "ila sidhani mume wangu amewahi kufika mwisho wa sentensi yangu hata moja."

Mapacha wa binti yake, ambao yeye ndiye aliyebaki nao siku za mapumziko yake, walilala hata akiwaita kuja kula. Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuguswa na ile sauti, naye ni baba yake mzazi. Mzee alikuwa mlinzi wa usiku maisha yake yote ya kazi, kwenye maghala, viwanda, mwishoni benki. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki dirishani, akiilinda barabara ambayo hakuna aliyemwajiri ailinde.

"Baba, si ulale kidogo," Shangazi angemwambia mchana.

"Nikilala mimi, nani atalinda?" Mzee angejibu, macho barabarani.

Basi Shangazi angegeuka na kuwaambia mapacha, "Taratibu, wanangu, babu anapumzika." Nao wangeanza kutembea kwa ncha za vidole. Hilo la ncha za vidole lishikeni, tutalirudia.

Sasa, mtu kama huyu, mwenye kazi yake na sifa zake, alikwenda kutafuta nini kwenye mafunzo ya ushauri nasaha?

Ilianza mchana mmoja watoto wakiwa wamelala. Mama wa mtoto mmojawapo alifika kabla ya saa ya kuwachukua. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema, "Shangazi, mimi…" na midomo ikaanza kumtetemeka. Shangazi alifanya alichokijua. Alimshika bega, akamketisha kwenye godoro lililokuwa wazi, akampapasa mgongo. "Shh. Nyamaza, mama, nyamaza. Yatapita." Yule mama alilegea kama nguo iliyotolewa majini. Alilala palepale katikati ya watoto, viatu miguuni, mpaka jua lilipohamia dirisha la pili. Alipoamka alikunja shuka vizuri, akasema, "Ahsante sana, nimelala jamani," akamchukua mwanawe akaenda zake.

Msije mkadhani nawapeleka msibani. Hakuna baya lililosikika. Familia ile ilihama tu, kama familia zinavyohama, na mtoto akaanza kituo kingine. Lakini lile neno lilibaki. Shangazi angekuwa anasuuza vikombe na ghafla asimame, maji yanamwagika, akijiuliza: mimi nini? Yule mama alitaka kusema, mimi nini? Lilikuwa kama mlango ulioachwa wazi kwenye chumba asikoweza kurudi kuufunga. Siku moja alipoona tangazo la mafunzo limebandikwa kwenye nguzo, alisoma mpaka mwisho, akaenda kujiandikisha akiwa bado amevaa aproni ya kazini.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dobi lenye mashine kubwa. Mashine zile zilinguruma kutwa, na mngurumo ukapanda kwenye miguu ya viti mpaka magotini. Mvuke nao ulipita madirishani ukinukia sabuni na pasi ya moto. Mtu akiingia darasani baada ya chakula, hata kabla hajakutana na Shangazi, tayari alikuwa nusu ndotoni.

Wanafunzi waligawanywa watatu watatu. Mmoja anakuwa mshauri, mmoja mteja, wa tatu anatazama na baadaye anasema alichokiona, kisha wanabadilishana. Shangazi alipangwa na askari mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, na msichana muuzaji wa duka la dawa waliyembandika jina la Dokta, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akisema kila siku kwamba anachokijua ni bei ya dawa ya kikohozi.

Afande alikuwa na tatizo lake. Akikaa kwenye kiti cha mshauri, mgongo ulinyooka wenyewe.

"Unasema ulipata huzuni," angeanza. "Saa ngapi? Ulikuwa na nani? Kuna mtu mwingine anayeweza kuthibitisha?"

"Afande," Dokta angemwambia, "mimi ni mteja, si mshukiwa."

"Najua. Endelea. Ukiwa huru kabisa. Kwa hiyo unakiri ulikuwa na huzuni."

Ikafika zamu ya Shangazi. Mteja alikuwa Dokta, mtazamaji Afande. Dokta alikuwa na ugomvi wa kweli na dada yake juu ya kabati la marehemu mama yao, akaanza kuueleza kwa hasira, mikono inaruka. Shangazi aliinamisha kichwa. "Mmh," alisema. "Pole. Naona limekuumiza, hilo la kabati." Ni maneno sahihi kabisa, yale yale waliyofundishwa. Lakini yalitoka na ile sauti. Mikono ya Dokta ikashuka mapajani. Sentensi zake zikaanza kuwa fupi. Mkufunzi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alipopita kukagua vikundi, alimkuta Dokta kichwa ukutani na Afande kidevu kifuani, wote wawili wanapumua vizuri. Shangazi alijiwekea kidole midomoni.

"Shh, Mwalimu," alinong'ona. "Ndio kwanza wameshikwa."

Darasa lilicheka mpaka dobi mmoja akapanda kuuliza kama kuna usalama. Kuanzia hapo Shangazi akawa na jina la pili, Dawa ya Usingizi. "Leo nimepangwa na Dawa ya Usingizi," mtu angesema, "naombeni mto." Yeye mwenyewe alicheka nao. Lakini akishuka ngazi hakuwa anacheka, maana alikuwa ameshaelewa kwamba kile kipaji walichomsifia maisha yake yote, huku ndicho kilichomwekea mguu njiani.

Kupata cheti kulitaka kikao kimoja na mteja wa kweli, mtu wa mtaani aliyekubali kuja na kukubali pia kwamba mkufunzi akae pembeni akitazama. Chuo kilikupa nafasi tatu. Ukishindwa zote, wanakushukuru na kukusindikiza mlangoni.

Katika kikao cha kwanza mteja alilala. Hakuna la kuongeza. Alipoamka aliuliza kama anaweza kuja tena Alhamisi.

Katika cha pili Shangazi alijitahidi kuikaza sauti. Alijifunza kwa Afande, wakafanya mazoezi ngazini. Mteja, mwanamke wa makamo, alipoketi tu, Shangazi akamwuliza kwa sauti kavu kama mlango wa bati, "Tatizo lako ni nini hasa?" Yule mwanamke alimtazama, akachukua mwavuli wake. "Nimekuja kupumua, mwenzangu," alisema. "Kukaripiwa nakupata nyumbani bila kupanda ngazi."

Ikabaki nafasi moja. Akishindwa hiyo, anarudi chumba cha mapazia ya kijani na lile swali lake la mimi nini, na hapo ndipo litakapozeeka naye.

Mkufunzi alimwita pembeni baada ya masomo. Alifungua madirisha yote mawili ya chumba, akamwonyesha Shangazi kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Mwalimu, hukai?"

"Nikikaa nitalala, nawe unajua. Leo nitakusikiliza nikitembea. Niambie, mtu akianza kulia mbele yako, wewe mwilini unasikia nini?"

Shangazi alifikiri. Mashine za dobi zilikuwa zinanguruma chini yao. "Mkono unainuka," alisema. "Wenyewe. Unataka kumpapasa. Halafu tumboni kunakuwa na haraka. Kama maziwa yanachemka, nami niko chumba kingine."

"Haraka ya nini?"

"Anyamaze."

"Asiponyamaza?"

Mkufunzi alitembea mpaka dirishani, akarudi.

"Nakuuliza hivi," alisema. "Huyo mtu akilia kwa sauti yake yote, unaogopa nani ataamka?"

Hapo, alinisimulia Shangazi, ule mngurumo wa mashine ulikwenda mbali, na mbele yake ikafunguka nyumba nyingine. Nyumba ya utoto wao, mchana. Mapazia yamefungwa jua likiwa juu. Vumbi linaelea kwenye mstari mmoja wa mwanga. Nyuma ya mlango wa pili kuna baba amelala, ametoka lindoni, na usiku utamtaka tena. Mama amekwenda kufagia maofisi. Na yeye, mzaliwa wa kwanza, ana mtoto mgongoni, mmoja mkononi, na wengine wamemzunguka miguuni, na kazi yake ni moja tu: mchana ule uwe usiku. Vijiko viliwekwa juu ya kitambaa visigonge. Walicheka ndani ya viganja. Mdogo wake alipoanguka na kuvunjika jino, alimzibia kinywa kwa shavu lake mwenyewe, akamsimulia habari za paka na sabuni mpaka machozi yakakauka bila kutoa mlio. Ndiyo siku aliyoigundua ile sauti. Nyumba nzima ilielea ndani yake kama samaki ndani ya chupa, miaka na miaka.

Aliyasema yote hayo. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka kwenye madirisha, na mkufunzi alikuwa amesimama mgongo ukutani, macho wazi kabisa.

"Mwalimu," Shangazi alisema polepole, "nimefika mwisho."

"Nimekusikia mpaka mwisho."

"Hakuna mtu aliyewahi."

"Najua," mkufunzi alisema. "Miguu yangu inajua zaidi." Kisha akavaa miwani yake. "Nenda kamwulize huyo aliyekuwa amelala. Bado yupo?"

Yupo. Kesho yake, saa ile mapacha wanapokula, Shangazi alivuta kigoda akakaa karibu na kile kiti cha plastiki. Barabarani hapakuwa na kitu zaidi ya mtu anayesukuma baiskeli yenye pancha, na Mzee alikuwa anamsindikiza kwa macho mpaka atoke eneo lake la ulinzi.

"Baba. Enzi zile tukiwa wadogo, ulikuwa unalala vizuri mchana?"

"Nani, mimi?" Mzee hakugeuka. "Nani angelala kwenye nyumba ile?"

Shangazi alidhani amesikia vibaya. "Baba, tulikuwa hatufanyi kelele hata kidogo. Hata kijiko."

"Ndiyo hiyo sasa. Hata kijiko." Mzee alimwacha yule wa baiskeli apite, akamgeukia binti yake. "Wewe umewahi kulinda ghala?"

"Hapana, baba."

"Usiku kucha vyura wanapiga kelele. Mbwa wanabweka, jenereta linakohoa. Hapo hakuna shida, unaweza hata kusinzia, kichwa kinajua mambo yako sawa. Sasa vyura wanyamaze ghafla. Hapo unasimama na rungu mkononi, maana kuna mtu anapita kwenye majani. Kelele hazijawahi kuniamsha mimi. Kilichokuwa kinaniamsha ni kimya."

"Lakini baba…"

"Sasa fikiria. Natoka lindoni asubuhi, najilaza, nyumba imejaa watoto, na sisikii hata kikombe. Moyo unanidunda mpaka kwenye mto. Nalala jicho moja. Najiuliza, wameibwa? Wamekula sumu? Naamka nachungulia kwenye tundu la mlango. Nakuona wewe unanyata, mtoto mgongoni."

"Ulikuwa unachungulia?"

"Kila siku. Kuhesabu kama mko wote."

"Na hukusema kitu. Baba, miaka yote hiyo."

Mzee alikuna goti. "Ningesema nini? Mama yenu alikusifu kwa majirani, kwamba ana binti anayeweza kunyamazisha hata mvua. Nawe ulikuwa umejikaza hivyo, uso kama mtu mzima. Nikasema, nimwache. Nikisema silali, nitamvunja nguvu."

Shangazi alianza kulia. Alilia kama alivyozoea, mabega yanatikisika bila mlio, kiganja mdomoni. Mzee alimsogezea sikio.

"Sikusikii," alisema. "Masikio yangu yamezeeka. Paza kidogo."

Mapacha waliacha chakula wakaja kusimama mlangoni, maana walikuwa hawajawahi kumsikia bibi yao akitoa sauti ile. Haikuwa nzuri. Ilikuwa kama bawaba ya mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

Siku ya kikao cha tatu, Afande na Dokta walikuja ingawa hawakuwa na ratiba, wakaketi kwenye ngazi za nje ya chumba kama ndugu wa mgonjwa. Mteja alikuwa mwanamume. Zaidi ya hapo sijui. Shangazi hakuniambia jina lake, kazi yake wala kilichomleta, na nilipojaribu kumchokonoa alinijazia chai akaanza kuuliza habari za mguu wangu. Kwa hiyo nitawapa kilichosikika ngazini, ambacho mtaa mzima ulikisikia, na kile Shangazi alichonieleza juu ya mikono yake mwenyewe, ambacho ni chake kukitoa.

Walianza mashine zikiwa zinanguruma. Muda mrefu hapakusikika neno.

"Kalala huyo," Afande alisema.

"Ngoja," Dokta alisema.

"Kimya kama hicho nakijua. Nimeshakuwa ndani yake. Kina joto."

"Afande, ngoja."

Saa saba dobi walizima mashine, kama kawaida yao, wakaketi juu ya marobota ya nguo na mikate yao. Mngurumo ulipokatika, jengo zima lilikuwa kama limeinuliwa na kuwekwa juu ya pamba. Na ndani ya kimya hicho, yule mwanamume alilia.

Hakuanza kidogo kidogo. Kilio kilitoka kizima, kikubwa, cha mtu mzima aliyekaa nacho mpaka kikaota mizizi. Kiligonga dari, kikateremka ngazi. Dobi waliacha kutafuna. Mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo alisimama akaitua. Dobi mmoja, mtu wa huruma, alifuta mikono akaanza kupanda ngazi, "Jamani huko juu kuna nini, mtu anyamazishwe."

Afande alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na chuo, mgongo wake ulionyooka wenyewe ulifaa kitu.

"Rudi chini, ndugu yangu," alisema kwa upole. "Kuna mtu yuko kazini."

Ndani, Shangazi aliuona mkono wake wa kulia umeshainuka kutoka gotini, uko hewani kati yao, vidole vimekusanyika tayari kupapasa. Aliutazama kama mkono wa mgeni aliyeingia bila hodi. Ile "shh" ilikuwa imefika kwenye meno. Tumboni, maziwa yalikuwa yanachemka katika chumba kingine. Akajiuliza, nani ataamka? Akasikiliza. Chini dobi wameamka. Ngazini wameamka. Barabara yote imeamka. Na nyuma kabisa, mbali, nyuma ya mlango wa pili katika nyumba yenye vumbi linaloelea, kulikuwa na mtu amelala jicho moja, anasubiri kwa hamu asikie japo kikombe.

Aliurudisha mkono gotini. Hakusema pole, wala nyamaza. Alikaa tu, macho yake kwa yule mtu, huku kile kilio kikipita juu yake kama treni ndefu ya mizigo, behewa baada ya behewa, naye amesimama stesheni mpaka behewa la mwisho litokomee.

Halafu pakatulia. Yule mwanamume alijifuta kwa mkono wa shati. "Samahani," alisema, sauti imekwaruza. "Nimewasumbua watu kwa kelele."

"Hakuna aliyelala," Shangazi alisema.

Yule mtu alimtazama. Kisha akavuta pumzi na kusema, "Mimi…"

Shangazi hakusogea. Na ile sentensi, ambayo siijui na sitaijua, ikaenda mpaka mwisho wake.

Mteja alipoondoka, akiteremka ngazi taratibu na Afande akimpisha kwa heshima, mkufunzi alikuwa bado yuko kwenye kiti chake pembeni.

"Umeona?" alimwambia Shangazi.

"Nini, Mwalimu?"

"Nimekaa." Akaipapasa mikono ya kile kiti kama mtu anayehakikisha ni chake kweli. "Kikao kizima nimekaa chini, na sijapiga hata mwayo. Sauti yako ni ile ile, usije ukaibadilisha. Sasa ina madirisha tu. Umepita."

Dokta alimkumbatia. Afande alimpa mkono rasmi kabisa, akasema, "Nathibitisha," na wote wakacheka, pamoja na dobi, ambao hawakujua wanacheka nini.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, kwa miguu, njia ndefu, kila kitu barabarani kikimfikia kwa sauti yake: seremala na randa yake, mama anayemgombeza mtoto, redio mbili zinazogombana dirishani. Mumewe alikuwa amewahi kutoka kazini kuja kukaa na mapacha. Alimkuta amesimama sebuleni, mgongo ukutani, mikono kifuani.

"Mbona umesimama?"

"Nataka kusikia mpaka mwisho," mumewe alisema. "Binti yako kanishauri nisiguse kochi. Haya, imekuwaje?"

Lakini haikuwezekana kumsikia. Mapacha walikuwa wamepata vifuniko vya sufuria na mwiko, nao walikuwa wanaendesha kitu ambacho kwao kilikuwa gari la moshi kuzunguka nyumba nzima. Mabati yalilia. Kwa mazoea, Shangazi alikuwa ameshainua kidole kuelekea midomoni, ndipo alipotazama dirishani.

Mzee alikuwa amelala. Amelala kweli, kichwa kimeanguka pembeni, mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani kama ya mtoto wa chumba cha kijani. Barabara ilikuwa haina mlinzi. Gari la moshi lilipita karibu na goti lake, vifuniko vikigongana, naye akakoroma.

Shangazi alisimama pale akimtazama, na mapacha, walipomwona bibi yao, wakasimama nao. Vifuniko vikanyamaza.

Jicho moja la Mzee lilifunguka.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani kaingia?"

"Ni mimi, baba," Shangazi alisema. "Lala."

Akamnyang'anya pacha mmoja kifuniko, akachukua mwiko, akakigonga kwa nguvu zake zote. Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata taarifa anayoitaka, akafumba lile jicho, akarudi alikotoka.